Mikono ya Mpango wa Bure

Mashine ilipomgonga Yusta Kobelo begani mara mbili, kwa upole, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa, moyo ulimlipuka paa.

Alikuwa ameketi katika saluni mpya ya Msamvu, ile ya vioo vitupu, ambako hakuna msusi anayepumua. Mikono miwili ya chuma inashuka kutoka darini, inakupima kichwa, na kabla hujamaliza kujibu ujumbe wa simu umeshasukwa nusu. Yusta alikuja huko kwa sababu mbili. Ya kwanza aliisema kwa kila mtu: ana haraka, Jumamosi kuna harusi ya binamu yake. Ya pili alikaa nayo mwenyewe: alikuwa anamkwepa Mwatumu.

Mashine ikaanza mstari mwingine. Ilipofika karibu na sikio ikasita kidogo, ikamgonga tena. Ko, ko.

"Mbona inanigonga?" akamuuliza mhudumu.

"Ndiyo adabu yake hiyo, dada. Wateja wanaipenda sana. Wanasema ni kama inakujali."

Yusta hakucheka. Alijua ile si adabu. Ile ilikuwa hitilafu, na alijua hitilafu ya nani.

Mjini Morogoro alikuwepo msusi mmoja tu aliyegonga wateja begani namna ile, naye ni Mwatumu Kibwana wa Mji Mpya. Kiganja chake cha kushoto kilikwenda na mashine ya kuchakata mkonge akiwa bado msichana. Miaka mingi baadaye karakana ya akina Yusta ikamvika kingine, cha plastiki ngumu na nyuzi za chuma, kinachoendeshwa na programu waliyoiita Kiganja. Mkono ule ulikuwa mzuri, ila dole gumba lake lilichelewa. Mwatumu alileta lalamiko kwa maneno yake mwenyewe: dole linafikiri sana kabla ya kushika. Yusta akamjibu kwamba wanalifanyia kazi, kisha akaliacha, maana kulitengeneza kulidai kufumua nusu ya msimbo, yale maelekezo yanayouendesha mkono, na hakuna ambaye angempigia makofi kwa kazi ya namna hiyo.

Mwatumu hakukaa kusubiri. Alijitungia dawa. Kila dole lilipochelewa, alimgonga mteja begani mara mbili kwa kifundo cha kidole cha mkono ule ule wa plastiki ili atulie, asigeuze kichwa. Watu wakadhani ni madaha ya kazi. Sasa mashine hii, ambayo haina dole la kuchelewa wala sababu yoyote ya kumtuliza mtu, ilikuwa inagonga vilevile, pale pale, mara zile zile. Ilikuwa imefundishwa na mtu ambaye hakujua kwamba anafundisha.

Ikamaliza, ikamwonyesha kisogo chake kwenye kioo. Aliomba mtindo wa kawaida wa twende kilioni, lakini mistari ilipofika sikioni ilizunguka kama mpini wa kikombe, ikafichwa nyuma kwa fundo dogo. Yusta aliuangalia mzunguko ule na uso ukamwaka moto, kama mtu aliyefumaniwa amevaa nguo ya jirani.

*

Karakana ilikuwa Kihonda, katika jengo lililowahi kuwa mashine ya kusaga, na pembeni mwa madirisha bado uliona weupe wa unga uliogoma kutoka. Mikono ililala mezani ikisubiri wenyewe. Hamduni Mgaza, aliyeanzisha Kiganja pamoja na Yusta, alikuwa ameinamia kifundo fulani na bisibisi mdomoni. Alipoinua macho aliitoa.

"Ala! Hatimaye umekwenda kwa Mwatumu."

Yusta alikuwa na nafasi ya kusema hapana. Neno lenyewe ni fupi, hata mtoto anaanza nalo.

"Ee, nilipitia," akasema.

"Mistari yake haifichiki. Tazama inavyopita sikioni! Yule mwanamke fundi, bwana. Na alisemaje kuhusu dole?"

"Hakusema kitu."

Hamduni akatikisa kichwa kwa kuridhika, akarudi kwenye kazi. Yusta akaketi mbele ya kompyuta yake akijichukia. Uongo wenyewe ulikuwa mdogo, lakini alikuwa ameuvaa kichwani, na kila Hamduni alipopita nyuma yake alihisi kisogo kikimsaliti.

Sasa, jambo lenyewe lilikuwa hivi. Sheria ya viungo bandia ilitaka kila kifaa kinachovaliwa mwilini kichukue msimbo wake kutoka ghala la wazi, mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuingia akasoma kilichoandikwa, ili asije mtu akavishwa moyo au mkono wenye siri. Kwa hiyo kila alfajiri mikono yote ya Kiganja, mia tatu na ushee, iliuliza ghalani kama kuna jipya. Anwani ya ghala ilikuwa imefungwa ndani ya kokwa, chembe ndogo iliyo kwenye kifundo cha mkono. Nao walikuwa wanatumia Ghala Kuu, kubwa kuliko maghala yote, tangu mwanzo, kwa sababu Ghala Kuu lilikuwa bure na kila mtu alikuwa huko.

Kisha mpango wa bure ukabadilika. Tangazo lilikuja na rangi za kupendeza na maneno matamu. Anayetaka alipe ada. Asiyetaka kulipa atabaki bure kama zamani, mradi akubali mwendo wa vifaa vyake ukusanywe kwa ajili ya kuboresha huduma za washirika. Asiyetaka hili wala lile ahame, na mpaka Ijumaa ya mwisho wa mwezi Ghala Kuu litamsaidia kubadilisha anwani kwenye kokwa zote kwa mbali, bila mtu kutoka nyumbani kwake. Ijumaa ikipita, kila mkono utalazimika kuletwa na kufunguliwa mezani.

Hamduni alitaka wahamie Kibanda. Kibanda kilikuwa ghala dogo la ushirika wa watu wa programu wa Tabora. Seva chache, umeme ukikatika linakohoa, lakini halikuombi kitu ila ulisaidie kulifagia. Yusta alisema watajadili. Siku zikasogea. Ada hawakuwa nayo, hilo halikuwa na mjadala. Kuhama ilikuwa kazi ya siku mbili tu.

Lakini Ghala Kuu lilikuwa na nyota. Kila mpita njia aliyependezwa na kazi yako alikuachia nyota, na Kiganja kilikuwa nazo nyingi kuliko mradi wowote wa viungo katika ukanda ule. Kwa nyota hizo Yusta aliitwa kuhutubia Kigali na Accra, akavishwa beji shingoni, akapigwa picha na watu wanaotamka jina lake vibaya kwa heshima kubwa. Kibanda hakikuwa na nyota. Huko ungefanya kazi usiku na mchana na asijue mtu. Huo ndio ukweli ukishatolewa maganda.

Ijumaa ile Hamduni alikuwa Turiani kumpima mteja. Yusta alikuwa mezani anajaribu dole gumba jipya, mikono imejaa grisi, skrini ikawaka: Unakubali kwa niaba ya vifaa vyote? Hakutaka kuchafua kioo. Akalichukua lile dole la majaribio, akabonyezea.

Watu wa programu ni viumbe vya ajabu. Pale karakana palikuwa na desturi ya jicho la pili: hakuna mstari wa msimbo uliopita kwenda kwenye mkono wa mtu kabla mwenzako hajausoma na kuukubali. Waliwahi kugombana wiki nzima kwa sababu ya nukta moja. Lakini masharti ya ghala hayakuwa msimbo, kwa hiyo hayakuhitaji jicho la pili, wala la kwanza, maana Yusta mwenyewe hakuyasoma. Hamduni aliporudi akamwambia, "Lile la Ghala nimelishughulikia." Hamduni akashukuru.

Leo aliyasoma. Aliyasoma yote, polepole, akinywa maji kila baada ya ukurasa. Mwendo ulimaanisha kila kitu: mkono umekwenda wapi, umeshika nini, kwa nguvu kiasi gani, kwa muda gani. Kilichokusanywa hakirudishwi. Kujiondoa kunaruhusiwa wakati wowote, ila tangu dakika ya kujiondoa mikono itakatiwa msimbo na kulala, yaani itafumba na kufumbua vidole vyote kwa pamoja kama koleo, mpaka kila mmoja ufunguliwe mezani. Karakana ilikuwa na meza mbili. Hata wakifanya kazi bila kupumzika, wapo ambao wangebaki na koleo mpaka mvua za masika ziishe.

Akafunga kompyuta, akajifunga kitambaa kichwani, akatoka. Hamduni akauliza anakwenda wapi. Akasema anakuja sasa hivi.

*

"Hodi."

"Karibu. Ee, Yusta! Mdogo wangu, nilidhani umehama mji."

"Shikamoo, dada Mwatumu."

"Marahaba. Kaa hapo kwenye benchi, leo viti vyote ni vyako."

Alisema kwa utani, lakini ilikuwa kweli. Saluni ya Mwatumu siku za nyuma ilikuwa na foleni mpaka barazani. Leo alikuwa peke yake, anakunja taulo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

"Wateja wako wapi?" Yusta akauliza, na hapo hapo akatamani asingeuliza.

"Wameadimika. Mwanzoni nilidhani ni njaa ya mwezi. Halafu nikadhani ni mimi, nimezeeka, mkono umekuwa mzito. Kuna mitindo naibuni leo, wiki ijayo naiona barabarani kwenye kichwa nisichokijua. Nikasema basi, Mwatumu, macho yako ndiyo yanaona mistari yako kila mahali." Akacheka peke yake. "Vua hicho kitambaa nikuone. Una harusi, sivyo? Nikusuke, hata bure, nisikae hivi."

"Hapana, dada, mimi nimekuja..."

Mwatumu alikuwa ameshakivua. Mkono wake wa kulia ukagusa mstari wa kwanza, ukaufuata mpaka sikioni, ukazunguka nao, ukafika kwenye fundo. Ukakaa hapo. Yusta alisikia pumzi ya mwanamke yule ikibadilika juu ya kichwa chake.

"Nani kakusuka?"

"Mashine. Ya Msamvu."

"Hizi ni zangu."

"Najua."

"Hapana, hujui. Hili fundo nilianza kulifunga mwezi uliopita. Sijamfundisha mtu. Hata mwanangu hajui linavyoanza." Akazunguka mbele, akamtazama usoni. "Yusta, wewe unajua kitu. Huwezi kunitazama."

Basi Yusta akasema. Alianza kwa maneno makubwa, masharti, washirika, kokwa, mwendo, na Mwatumu akamkatiza kwa kuinua ule mkono wa plastiki, akamwambia aongee kama aliyezaliwa na mama. Akaanza upya. Akasema mkono huu, kila unaposuka, unapeleka habari Ghala Kuu namna unavyosuka, na Ghala Kuu linawapa washirika, wenye mashine ya Msamvu wakiwemo. Kwamba kulikuwa na siku ya kukataa. Kwamba hakukataa. Kwamba kuhama ilikuwa rahisi, na yeye hakutaka kuhama kwa sababu huko waendako hakuna ambaye angemwona.

Hilo la mwisho lilimtoka kwa tabu, na alipolisikia kwa sauti yake mwenyewe machozi yakamjaa. Aliona haya mpaka vidole vya miguu. Akaanza kuzifumua zile nywele kwa pupa, kuanzia sikioni, akizivuta.

"Acha!" Mwatumu akamshika kiwiko. "Usizifumue mbele yangu. Hiyo ni kazi yangu, hata kama imefanywa na mwizi."

Nje mtu alipita akiuza karanga, akapiga mluzi, akaenda zake.

Yusta akafuta uso, akatoa simu. Akamweleza habari ya kujiondoa: mikono italala yote, huu wa Mwatumu pia, na vilivyochukuliwa havitarudi, lakini angalau hakuna kipya kitakachochukuliwa. Akaiweka simu mezani kati ya vitana. Kitufe kilikuwa kinang'aa.

"Kwetu tuna desturi," akasema. "Jambo lisipite bila jicho la pili. Nimekuja kwako uwe jicho la pili. Ukisema tujiondoe, nabonyeza sasa hivi."

Mwatumu aliitazama simu. Alipoongea, sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ndiyo iliyomuumiza Yusta zaidi.

"Siku ya kukubali, jicho la pili lilikuwa wapi?"

Yusta akaanza kupanga vitana vilivyokuwa mezani.

"Kukubali ulikubali peke yako. Kukataa unataka tuwe wawili, ili kesho mtu mkono wake ukilala shambani, tulaumiwe wawili. Sivyo? Umeona mzigo umekuwa mzito, umekuja kunitwika upande mmoja, mimi niliyeibiwa." Akaisukuma simu ikarudi kwake. "Mimi nina mkono mmoja katika hiyo mia tatu. Huu ukitaka uulaze, ulaze, nitasuka kwa mmoja kama nilivyosuka zamani. Hiyo mingine sina ruhusa nayo. Na wewe huna."

"Sasa nifanye nini, dada?"

"Unajua cha kufanya. Unaona haya tu."

*

Hamduni hakufoka. Yusta alikuwa amejiandaa kwa kufokewa, maana Hamduni alikuwa mtu wa kupasua kikombe kwa sababu ya msimbo mbaya. Alisikiliza mpaka mwisho, amesimama, bisibisi mkononi.

"Ulisema umesukwa na Mwatumu," akasema.

"Ndiyo."

"Nikamsifu. Mimi hapa, nikakisifu kichwa chako."

Kati ya yote aliyoyafanya, ndilo hilo dogo lililomkaa rohoni mwenzake. Yusta alifungua mdomo aombe radhi, akakuta radhi yenyewe haina pa kukaa. Hamduni akaanza kuondoa mikono kwenye meza, mmoja mmoja, akiipanga rafuni.

"Nitaandaa meza," akasema bila kugeuka. "Nitaongea na Kibanda watupokee. Watakaotaka kufunguliwa wafunguliwe, watakaotaka kubaki wabaki, ni mikono yao. Nitalala hapa hapa ikibidi."

"Na simu za kuwaeleza wenye mikono? Wapo wengi, kaka Hamduni. Tukigawana..."

"Simu ni zako."

Yusta akatoka, akaketi kwenye ngazi za mbele, jua la saa kumi likimpiga usoni. Aliwaza kuwaandikia ujumbe mmoja wote kwa pamoja. Angeuandika vizuri, angechagua maneno, neno hitilafu lingefaa, na pale palipohitaji jina la mtu angeandika sisi. Alianza hata kuuandika. Akausoma, akaona ni tangazo la Ghala Kuu lile lile, limebadilishwa rangi tu. Akaufuta.

Akampigia wa kwanza, mzee Lukwele wa Kimamba, aliyekata mkonge maisha yake yote mpaka mkonge ukamkata yeye.

"Shikamoo, baba. Ni Yusta, wa karakana."

"Marahaba! Marahaba, mwanangu! Mungu ni mkubwa, jana tu nilikuwa nakutaja."

"Baba, nina jambo la..."

"Ngoja kwanza, ngoja nikushukuru, maana hamnipigiagi, nikawa nasema nitamshukuru lini huyu mtoto." Sauti yake ikasogea karibu na simu, kama mtu aliyetoka nje ili asisikike ndani. "Mama yako huyu hainuki tena kitandani, tangu mwaka jana. Na ana haya, unajua wanawake wa zamani. Hataki binti zake wamwogeshe, hataki muuguzi, anasema afadhali afe na uchafu wake. Ananitaka mimi tu. Sasa mimi ningemgeuzaje kwa mkono mmoja? Mkono wako huu ndio unaomgeuza. Ndio unaomwosha, taratibu, kila mahali. Tunafunga mlango, namwogesha, tunacheka kidogo, basi. Hata watoto hawajui anavyokuwa. Humo ndani tupo wawili tu, mwanangu, yeye na mimi, na Mungu wetu."

Akasubiri aitikiwe.

Yusta aliishika simu kwa mikono yote miwili.

"Baba," akasema, "hamkuwa wawili tu."